Mshale wa Mhina kwenye Paja la Palahala

— Paukwa.
— Pakawa.
— Palikuwa na nini?
— Na nyika.
— Nyika ya nani?
— Ya asiyechoka miguu.
— Basi kaeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale palikuwa na mwindaji jina lake Sembeho. Mtu wa miraba minne, upinde wake vijana wawili walishindwa kuupinda, na akila nyama hakumwachia hata paka mfupa. Nguvu alikuwa nazo, shabaha alikuwa nayo. Kilichomkosesha raha ni kitu kimoja tu, jirani yake Mhina.

Mhina naye alikuwa mwindaji. Mwembamba, mpole, na kila alichokipiga kilianguka. Sembeho akileta swala, Mhina analeta pofu, mnyama mkubwa kama ng'ombe. Sembeho akileta nguruwe wawili, watu wanasema ahsante, halafu wanauliza Mhina ameleta nini. Siku moja akamkuta mkewe mwenyewe analamba vidole, na mchuzi aliokuwa akiulamba ulikuwa wa nyama ya Mhina. Moyo wa Sembeho ukafanya tee! Siku tatu hakula chakula cha nyumbani.

Wivu ni kitu kibaya, jamani, na mimi nasema kwa kuujua. Mwaka ule mke mwenzangu alipoletewa kanga doti mbili na mimi doti moja, nilipika mchuzi bila chumvi mwezi mzima, na mimi mwenyewe nikaula.

Basi Sembeho akatafuta jambo ambalo Mhina hajalifanya. Akamkumbuka Palahala. Palahala ni mnyama mweusi, tumbo jeupe, pembe zake ndefu zimepinda kwenda nyuma. Zamani walijaa nyikani, lakini babu zetu waliwala, wakawala, wakawala, mpaka nchi nzima ikasema wamekwisha. Hata jumbe alikuwa akiwaambia vijana wasijisumbue, Palahala hayupo tena. Sembeho akasema moyoni, nikimleta Palahala mimi, nani atamtaja Mhina tena?

Akaondoka peke yake. Hakuchukua mwenzake, maana mwenzako wa safari ni mwenzako wa sifa. Hakuchukua hata mbwa, asije akasifiwa mbwa.

Akaenda, akaenda, akaenda. Tapu, tapu, tapu. Akapita mashamba, akapita vijito, akafika nyika isiyo na mtu wala moshi wa mtu. Na kila alipofika wivu ulikuwa umefika kabla yake. Akikuta maji ananung'unika, "Mhina keshayanywa haya?" Akikuta kivuli, "Mhina keshakaa hapa?" Akikuta mlima, "Mhina keshaupanda huu?" Siku kumi, na wimbo ni huo huo.

Kumbe kwenye kichuguu kimoja alikuwako Nguchiro. Nguchiro mnamjua, mnyama mdogo, mrefu kama soksi, macho hayatulii. Akamsikia yule mtu anakuja, Mhina, Mhina, Mhina. Akacheka, akajiuliza, huyu anawinda mnyama au anamwinda Mhina?

Lakini akamwona Sembeho anainama, anaokota mavi mabichi, anayanusa, anacheka. Hapo Nguchiro akaacha kucheka yeye. Maana Palahala hakuwa amekwisha. Alikuwako jike mmoja, bondeni penye miti ya mininga, na tumboni ana ndama. Nani anauliza habari za dume? Dume alikuwako ng'ambo ya mto. Madume hayapatikani penye kazi.

Na Nguchiro alimpenda sana Palahala, alimpendea mavi yake. Msicheke. Penye mavi pana madundu, wale wadudu weusi wanaoyaviringisha, na madundu ndio chakula cha Nguchiro na watoto wake sita. Palahala akifa, mavi yanakwisha. Mavi yakiisha, madundu wanahama. Madundu wakihama, watoto wa Nguchiro wanakufa njaa. Na mavi yale mabichi yalikuwa yameshamwonyesha Sembeho njia, kesho yake angefika bondeni.

Nguchiro akashuka kwenye kichuguu. "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Palahala umemwona?"

"Mimi mfupi, naona kwato tu. Lakini huyo Mhina unayemtaja, nikikutana naye nitamjuaje?"

Basi Sembeho akamsahau Palahala. Akaketi, akaeleza Mhina anavyotembea, anavyocheka, watu wanavyomchekea hata asipochekesha. Akaeleza kwamba mishale yake ina mikato mitatu karibu na manyoya, maana kila mwindaji wa kwao alikuwa na alama yake. Akaeleza na sheria yao: mnyama akipigwa na watu wawili, ni wa mwenye mshale wa kwanza. Ngozi yake, pembe zake, sifa zake. Wa pili, hata akiwa ndiye aliyemwua, hupewa shingo na kuambiwa ahsante kwa msaada. Mara mbili Sembeho alipewa shingo, na zote mbili mshale wa kwanza ulikuwa wa Mhina.

Nguchiro akampa pole, akamwonyesha kivuli kizuri alale. Kisha mbio, chwee!

Nyumbani kwake alikuwa na mshale mmoja wa kuokota, akiutumia kujikunia mgongo. Akautafuna karibu na manyoya, krr, krr, krr, mikato mitatu. Akaupeleka bondeni. Mninga ukiukwaruza hutoa utomvu mwekundu kama damu, tena unaonata. Akaukwaruza, akaupaka utomvu kwenye paja la kushoto la Palahala, akaubandika mshale hapo. Palahala akauliza kwa nini asikimbie tu.

"Ukikimbia atakufuata," Nguchiro akasema. "Anayekutaka hachoki. Tumfanye asikutake."

Kulipokucha Sembeho akafuata mavi, akafuata nyayo, akafika bondeni. Akafunua majani. Palahala huyo, mweusi, amesimama. Akavuta upinde, nyiii. Mara akasikia sauti majanini.

"Piga, bwana, piga. Mhina atafurahi sana."

Upinde ukasimama hapo hapo. Sembeho akauliza ana maana gani. Nguchiro akamwambia atazame paja la kushoto. Sembeho akatazama. Akaona wekundu. Akaona mshale. Akahesabu mikato, mmoja, miwili, mitatu. Moyo ukafanya tee!

"Alipita jana asubuhi," Nguchiro akasema. "Amerudi kwenu kuita watu wa kubeba. Wewe mmalizie tu. Shingo yako ipo."

"Nikiuchomoa mshale, nani atajua?"

"Chomoa. Lakini watu wote atakuwa ameshawaambia ni paja la kushoto, na tundu halichomoki."

Hapo Nguchiro alijua hatari iliyobaki. Sembeho angeuachia mshale wake, mnyama angeanguka, na chini ya utomvu asingekuta tundu lolote. Palahala angekufa, na ndama, na Nguchiro angefuata.

Sembeho hakuachia. Aliwaza siku kumi na moja za jua, na miguu iliyopasuka. Akawaza ngoma itakavyochezwa, Mhina amebebwa mabegani, na yeye Sembeho yuko pembeni ameshika shingo. Machozi yakamtoka, na si mtu wa kulia. Akashusha upinde.

"Bora asipate mtu," akasema.

Akaokota mawe, akamrushia Palahala, nenda, potelea mbali. Palahala akatimka akavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi, na mshale wa kujikunia mgongo ukabanduka, ukachukuliwa na maji. Sembeho hakuuona, alikuwa amekata tawi anafuta nyayo, fya, fya, fya. Ng'ambo ya mto chui akainuka amnyemelee Palahala. Sembeho akampiga mshale wa sikio, chui akakimbia analia. Chui angekula nyama, lakini pembe zingebaki, na Mhina angekuja kuziokota. Kisha akaanza kuzoa mavi ayatupe mtoni, Mhina asikute hata dalili.

"Mavi niachie," Nguchiro akasema upesi. "Hayo nitayashughulikia mwenyewe."

Sembeho akamshukuru sana. Akamwita rafiki.

Akarudi mbio, awahi kabla Mhina hajawaleta watu. Akafika kwa jumbe, watu wamekaa barazani. Hata maji hakuomba. Akaweka upinde chini, akaweka mkono juu yake, na kwao anayeapa juu ya upinde kisha akageuza neno, upinde wake huvunjwa na hawindi tena mpaka kufa. Akasema, "Nimeizunguka nyika yote. Palahala hayupo. Atakayesema amemwona au amempiga ni mwongo, awe nani, awe nani."

Akageuka amtazame Mhina usoni.

Mhina alikuwa ameegemea nguzo, mguu umefungwa vipande vya mianzi. Siku ile ile Sembeho alipoondoka, Mhina alipanda mti kurina asali, akaanguka. Tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka uwanja wa jumbe.

"Pole kwa safari, ndugu yangu," Mhina akasema. "Nilitaka mguu ukipona nikamtafute mimi. Lakini kama wewe hukumwona, basi kweli amekwisha. Nani atafika ulikofika wewe?"

Jumbe akasema ni kweli. Akapiga marufuku mtu yeyote kupoteza siku zake kule. Watu wakainuka, wakamshika Sembeho mkono mmoja mmoja, wakamsifu kwa miguu yake, wakamsifu kwa ukweli wake. Ilikuwa siku ya kwanza kusifiwa Sembeho na Mhina akaachwa. Walimsifu kwa kutomwona mnyama aliyesimama mbele ya mshale wake, na yeye akasema ahsanteni, ahsanteni, mpaka wa mwisho.

Mwezi uliofuata, ng'ambo ya mto, Palahala alizaa. Mavi yakawa ya watu wawili.

Basi watoto, funzo ni hili: msiwe na wivu. Wivu hauna faida kwa yeyote, haukumsaidia mtu wala mnyama tangu dunia iumbwe. Sasa yuko mtoto mwenye akili hapa anataka kuniuliza, kama Sembeho asingekuwa na wivu, Palahala si angeliwa? Mtoto huyo aende akachote maji.

Yangu imekwisha, mtungi umefunikwa. Ikiwa tamu, semeni ni yangu. Ikiwa chungu, semeni mmeisikia nyumba ya pili.