Kifungu cha Thelathini na Moja

Wapendwa, leo nawapa mfano wa mama mmoja mtumishi wa serikali. Msiniulize ni wa nchi gani. Mama huyu nimemtunga, na jimbo lake nimelitunga. Hofu yake ndiyo sikuitunga. Hiyo mnaijua, na mimi naijua.

Tumwite Eliwaza.

Eliwaza alifanya kazi kwenye bunge la jimbo lile. Hakuwa mbunge. Kazi yake ilikuwa kusoma. Muswada ukitoka kwenye kamati, kabla haujaenda kupigwa chapa, ulipita mezani kwake, naye aliusoma neno kwa neno kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kamati ilichokubaliana. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Waheshimiwa wengi hawakumjua hata kwa sura, lakini hakuna sheria iliyotoka kwenye jengo lile bila macho yake kuipitia.

Aliyemfundisha kusoma alikuwa mama yake mdogo. Mama mzazi alifariki Eliwaza akiwa na miaka mitano, na mama mdogo akamchukua, akamlea, akamsomesha. Mama mdogo huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyojengwa na wananchi. Wazazi walifyatua tofali wenyewe, wakachangishana bati, wakasimamisha madarasa saba kwenye eneo ambalo ukoo mmoja uliwapa kwa mdomo tu. Hati ya kiwanja haikuwepo. Nani alifikiria hati wakati ule? Watu walitaka watoto wao wajue kusoma.

Sasa mwaka mmoja ukaja muswada mkubwa. Ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, wenye kujenga viwanda wapunguziwe kodi. La pili, mabenki yaruhusiwe kukopesha haraka kwa dhamana ya ardhi huru, yaani ardhi isiyo na mwenyewe ambayo mwekezaji angemilikishwa na jimbo. La tatu, kila kiwanda kifundishe vijana ufundi. Watu wakaupenda. Na niseme kweli, ulikuwa muswada mzuri.

Kwenye kamati, mbunge mmoja mzee alisimama akasema, "Jamani, na zile shule za wananchi zisizo na hati? Mtu asije akasema nazo ni ardhi huru." Kamati ikakubali. Wakaongeza kifungu cha thelathini na moja: ardhi ya shule isiyo na hati haitahesabiwa kuwa ardhi huru. Eliwaza alikuwepo, amekaa nyuma, akayaandika maneno hayo kwa mkono wake.

Siku tatu baadaye muswada ukafika mezani kwake. Akasoma. Alipofika kifungu cha thelathini na moja, akarudi mwanzo wa mstari, akakisoma tena. Kifungu kilisema: ardhi ya shule isiyo na hati itahesabiwa kuwa ardhi huru.

Mmesikia? Haitahesabiwa, itahesabiwa. Silabi moja imetoka. Ndugu zangu, lugha yetu imeweka "hapana" yake mwanzoni mwa neno, silabi fupi kama pumzi, na hapo ilipoondoka shule zote za wananchi katika jimbo zima zikawa hazina mwenyewe.

Eliwaza alifanya nini? Ninyi mnadhani alipiga kelele? Aliifunika karatasi kwa faili na kutazama mlangoni kama kuna mtu amemwona akiisoma.

Maana alishajiambia: hili halikutokea hivi hivi. Kuna mtu mkubwa anaitaka ardhi hii. Alimkumbuka mwenzake wa meza ya pili ambaye miaka miwili nyuma aliuliza swali kuhusu muswada wa maji, na mwezi ule ule akahamishiwa wilaya ya mpakani, mbali na mume na watoto. Hakuna aliyejua kama uhamisho ule ulitokana na lile swali. Lakini nani angejaribu ili ajue?

Akakaa na jambo hilo siku nzima. Kesho yake akapata ujasiri kidogo, akaenda kwa mkuu wake wa idara.

"Mkuu, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ni ule muswada wa viwanda, mkuu. Kifungu cha thelathini na moja..."

Mkuu akainua mkono kumzuia. Uso wake ukabadilika. "Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Basi umekisoma. Rudi kazini."

Eliwaza akatoka. Akasema moyoni, sasa nimejua. Huyu naye yumo. Akaketi, akaweka sahihi yake mahali pa msomaji, na muswada ukaenda.

Jumamosi ile mama mdogo alikuja kumtembelea, amebeba ndizi na kikapu cha maharage. Wakala, wakanywa chai. Kisha mama mdogo akasema, "Mwanangu, huko mtaani watu wanasema kuna sheria inakuja ya ardhi na mabenki. Wewe unakaa karibu nazo. Inatugusa sisi?"

Eliwaza alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Aliendelea kukikunja.

"Hapana, mama. Haiwagusi."

"Mungu akubariki," mama mdogo akasema. "Sasa nitalala."

Ndugu zangu, angeweza kusema hata pale. Hapakuwa na mkuu wa idara wala mlinzi, walikuwa wawili tu, yeye na mtu aliyemfundisha a, e, i, o, u. Lakini hofu ukiilisha ofisini, itakufuata nyumbani ikale na watoto wako.

Muswada ukapita. Bunge likapiga makofi. Mkuu wa jimbo akatia sahihi. Haikuchukua miezi minne, asubuhi ya siku ya mitihani ya nusu muhula, magari mawili yakasimama nje ya ile shule. Wakashuka wapima ardhi na wafanyakazi wenye nguzo za uzio. Mama mdogo akatoka darasani na chaki mkononi.

"Karibuni. Mnamtafuta nani?"

Kiongozi wao, kijana mwenye adabu, akamwamkia. Kisha akampa karatasi. "Mama, eneo hili limemilikishwa kiwanda, na benki imeshalipokea kuwa dhamana. Sisi tunafuata sheria tu."

"Sheria haitugusi," mama mdogo akasema. "Mwanangu anafanya kazi bungeni. Aliniambia mwenyewe."

"Isome, mama. Kifungu cha thelathini na moja."

Akasoma. Mwalimu yule alisoma kama alivyowafundisha watoto kusoma, kidole kikitembea chini ya mstari. Alipomaliza, aliingia darasa la kwanza, la pili, mpaka la saba, akawaambia watoto wachukue madaftari yao watoke nje kwa mstari, wasisukumane.

Watoto wale waligawanywa kwenye shule mbili za mbali. Wa darasa la sita na la saba walikwenda. Wale wadogo, wa miaka saba na minane, njia ilikuwa ndefu, ina malori ya mchanga. Wengi wao walibaki nyumbani. Mpaka leo wapo nyumbani.

Jioni ya siku ile mama mdogo alifika kwa Eliwaza. Hakuketi.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Uliona?"

"Niliona."

Mama mdogo akafungua mlango akaenda zake. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Kelele za wazazi zikafika bungeni, si za shule ile moja, ni za shule nyingi. Ikaundwa kamati ya uchunguzi, na wote ambao muswada ulipita mikononi mwao wakaitwa katika chumba kimoja, pamoja na watu wa benki na mwenye kiwanda. Eliwaza aliingia akijua kwamba leo anaonyeshwa yule mkubwa aliyeitoa ile silabi. Alikuwa anaogopa mpaka kulitamka jina lake, na jina lenyewe halijui.

Mwenyekiti akamwuliza, "Mama, uliliona kosa?"

"Niliona. Nilikwenda kwa mkuu wangu, akanikatiza. Nikajua ametumwa."

Mkuu wa idara akasimama. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimeliona kabla yake. Alipokuja nilidhani yeye ndiye ametumwa, kunipima kama nitapinga. Ndiyo maana nilimnyamazisha."

Eliwaza akageuka kumtazama. Miaka kumi na sita wamefanya kazi pamoja.

Akaulizwa yule mbunge mzee, naye alikuwa ameliona, akadhani wenzake wa kamati wamemzunguka. Akaulizwa katibu wa bunge. Aliliona, akadhani ni matakwa ya waziri. Akaulizwa waziri. Aliliona usiku wa kuamkia siku ya kusomwa bungeni, akadhani mkuu wa jimbo amewaahidi watu wa mabenki. Akaulizwa mwanasheria wa benki. Akasema, "Sisi tulishangaa. Lakini tulidhani serikali ndivyo inavyotaka, na nani agombane na serikali?" Mwishoni ikasomwa barua ya mkuu wa jimbo mwenyewe. Aliandika kwamba aliona kifungu kile alipokuwa akitia sahihi, akasita, ila aliogopa kwamba bunge lote limeshakubaliana, na akikikataa atabaki peke yake.

Basi nani aliitoa ile silabi?

Wakamleta mchapaji. Mama wa watu, analia hata kabla ya kuulizwa. Alisema karatasi ilikwama kwenye mashine, ukurasa ukachanika, akauandika upya kwa haraka kwa sababu tarishi wa kuupeleka muswada mezani kwa msomaji alikuwa anamsubiri. Akaruka herufi mbili. Ndiyo hivyo tu.

Hakuna aliyemtuma. Wapendwa, hakukuwa na mkubwa! Kila mmoja alimwogopa aliye juu yake, na aliye juu kabisa aliwaogopa wa chini. Shule zikafungwa kwa amri ya mtu ambaye hayupo.

Na mwenye kiwanda, yeye alisemaje? Aliinuka nyuma kule, akasema, "Mimi nilionyeshwa maeneo mawili. La pili ni pori, halina hata kibanda. Kama mtu mmoja angenipigia simu akaniambia pale pana shule kwa makosa ya uchapaji, ningechukua lile pori. Hakuna aliyenipigia."

Bunge likakirekebisha kifungu asubuhi moja, kabla ya chai. Lakini sheria mpya hairudi nyuma kwa yaliyokwisha kutendeka, na siku ile madarasa saba yalikuwa yameshabomolewa. Eliwaza hakufukuzwa kazi. Aliacha mwenyewe. Alikwenda kwa mama mdogo akapiga magoti mlangoni, na mama mdogo akamwinua, maana ni mtoto wake. Ila tangu siku hiyo, Eliwaza akimjibu jambo lolote, hata akisema mvua imekatika, mama mdogo hutoka nje kuangalia mwenyewe.

Sasa sisi. Tusiwacheke watu wa jimbo lile. Sisi tunaogopa nani? Umekaa kwenye kamati ya shule, umeona jambo, ukasema "hilo lina wenyewe." Umeajiriwa, umepewa karatasi, umeiona ilivyo, ukasema "wakubwa wanajua." Tunamwogopa mtu tusiyemwona, na Mungu anayetuona hatumwogopi. Hivi siku ile atakapotuuliza "Uliona?", tutamjibu kwamba tulidhani ni Yeye aliyeagiza?

Nilikuwa nimepanga niishie hapa, tuimbe, sadaka ikusanywe. Lakini nimesimulia habari hii huku nikijisikia vibaya, na siwezi kushuka hapa madhabahuni bila kusema.

Mnalijua jengo letu jipya la shule ya Jumapili. Lilijengwa kwa usimamizi wa mzee wetu wa kanisa, ambaye ameketi hapa mbele. Namheshimu. Na ninamwogopa, maana ana nguvu katika baraza. Tangu Pasaka nimeuona ufa kwenye ukuta wa nyuma. Mwanzoni kalamu isingeingia. Juzi nimetia vidole vitatu. Fundi mmoja aliniambia, "Mchungaji, jengo hili mvua kubwa ikija sijui." Nikamwambia anyamaze, nitaongea na mzee. Sikuongea na mzee. Labda na wewe mzee umeuona, ukawa unaningoja mimi. Sijui. Hatujaulizana.

Mvua ya jana mmeisikia.

Watoto wenu wapo ndani ya jengo lile sasa hivi, sabini na watatu, na walimu wanne.

Naomba tusiimbe. Kina baba wa viti vya mlangoni, tangulieni. Tembeeni, msikimbie, msiwatie watoto hofu. Sisi wengine tusimame tuwafuate, tukawatoe.