Ufunguo Uliolala Uchagani

Ufunguo bubu si gari mfu. Leo mmemsikia bibi yake Lwitiko akimwambia hivyo mwalimu aliyetaka kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hajibu maswali darasani. Nanyi mkaja mbio kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali nyingine zina ndevu, vijana. Hii bado haijaota hata udevu mmoja. Ilianza hivi.

Yusta Sanga hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na bisibisi, wala kifaa cha kupimia umeme. Hakuwa na mume wa kumsemea barazani, wala kaka, wala kiti katika kamati. Hakuwa na ile sauti laini inayowafanya wazee wakuite mwanangu. Hata ufunguo wa gari alilokuwa akiliendesha hakuwa nao, maana kila jioni aliurudisha ukalale nyumba nyingine. Alichokuwa nacho ni ubishi, alioachiwa na mama yake pamoja na pua.

Yusta alikuwa dereva wa ushirika wa wakulima wa pareto wa Iyoka, kijiji kilichokaa juu kabisa kwenye baridi ya Makete. Gari lao lilishusha magunia ya pareto na kupandisha mbolea, lakini watu hawakulipenda kwa hilo. Walilipenda kwa sababu kabla yake mgonjwa alibebwa kwenye machela, bonde la kwanza, bonde la pili, na wengine walifika hospitali wakiwa wamekwisha kupoa. Mama yake Yusta alikuwa mmoja wao.

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa siku hizi, chuma upande mmoja na upande wa pili kichwa cha plastiki chenye kitufe, ndiyo rimoti. Ukibonyeza, gari huitika kwa mlio mfupi na kupepesa taa, ndipo likubali kuwashwa. Asubuhi moja Yusta alibonyeza, gari likakaa kimya. Akafungua mlango kwa chuma. King'ora kikalia kama nguruwe aliyebanwa na mlango, mbwa wote wa Iyoka wakakijibu, na injini ikagoma.

Aliitwa Fundi Kilasi, mwenye gereji mjini. Alifunua boneti, akavumilia kelele mpaka uso ukamkunjika, akaifunga tena.

"Ubongo wa gari umekufa," alisema. "Kulitengeneza ni kumpaka maiti wanja. Lakini nyinyi ni watu wangu. Nitalichukua kama chuma chakavu."

Kamati ikakubali, Yusta akakataa. Kwa kuwa kukataa kwake hakukuandikwa popote, siku ya soko gari la kuvuta magari likapanda mlima, likiendeshwa na kijana mcheshi wa Fundi Kilasi aitwaye Danda. Alikuja na mnyororo mnene, na bahasha yenye barua ya mauziano inayosubiri saini ya mwenyekiti.

Danda alimkuta Yusta ameketi juu ya boneti, amejifunga kitenge, ufunguo mkononi.

"Kamwene, dada," alisema. "Shuka basi. Nimetumwa gari, sikutumwa bibi harusi."

"Kamwene. Rudi ukamwambie aliyekutuma kwamba gari lina mtu."

Mzee Luvanda, mwenyekiti, akatoka ofisini amekunja uso. "Yusta, usituaibishe mbele ya mgeni. Fundi amesema limekufa."

"Fundi amesema. Gari lenyewe limesemaje?"

"Limesema linakwenda zake!" Danda akadakia, watu wakaangua kicheko.

Yusta hakungoja kicheko kiishe. Alishuka, akachomeka chuma mlangoni, akafungua. King'ora kikapasua soko zima. Akinamama wakaziba masikio, mbuzi mmoja akakata kamba. Akafunga mlango, akasubiri mpaka kelele ikome.

"Haya, wazee wangu, niambieni. Maiti gani huyo anayepiga mayowe ukimgusa?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Gari ni zima, linalia mchana kweupe. Aliye bubu ni huyu hapa." Akainua ufunguo. "Mnataka kumzika mwenye sauti kwa kosa la asiye na sauti?"

Mzee Luvanda alikuna kidevu. Ndani ya ofisi, birika la chai ya mgeni lilikuwa ndiyo kwanza limetengwa motoni.

"Mgeni hawezi kushuka mlima na baridi hii bila chai," alisema. "Birika likichemka, mnyororo unafungwa. Na wewe utaondoka hapo, Yusta, hata kama ni kwa kubebwa."

"Likichemka nitaondoka. Nitaondoka nikiwa ndani ya gari."

Kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi akapasua kichwa cha ufunguo katikati, taratibu, kama mtu anayefungua ganda la njugu akitaka punje itoke nzima. Ndani mlikuwa na betri bapa kama sarafu. Yusta aliwaza, tumlishe kwanza kabla ya kulaumu tumbo. Mzani mdogo wa ofisini, ule wa kupimia mbegu za pareto, ulitumia betri ya namna hiyo hiyo, na asubuhi ile ulikuwa umepima bila tatizo. Akaichomoa, akaipachika kwenye ufunguo, akabonyeza.

Kimya.

"Lo! Amempa maiti uji!" Danda akapiga makofi, na kicheko kikarudi kwa nguvu mpya. Birika nalo likaanza kuimba.

"Inatosha," alisema Mzee Luvanda, safari hii kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Yusta kuliko kicheko.

"Haijatosha. Chakula ni kizuri, mzani ni shahidi. Basi kuna kitu kimeziba koo."

Akauleta ufunguo karibu na uso ili aone vizuri. Kabla macho hayajaona, pua iliona. Moshi! Akapitisha kidole gumba ndani ya plastiki, kikatoka cheusi na kinanata.

"Babu Mlelwa," aliita, "huu ufunguo kwako unalala wapi?"

Babu Mlelwa ndiye aliyekabidhiwa kuutunza, kwa sababu nyumbani kwake hakijawahi kupotea kitu. Alisogea mbele akiegemea fimbo, amejaa fahari.

"Mahali pa heshima. Uchagani, juu ya mafiga, pamoja na mbegu zangu za mahindi. Tangu niote meno fukusi hajagusa mbegu yangu. Ulitaka niuweke wapi, chini na panya?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kila mmoja wao angefanya vivyo hivyo, maana Iyoka kitu cha thamani hulindwa kwa moshi.

"Babu, umeutunza kupita kiasi," Yusta alisema. "Umeukausha kama nyama."

"Mimi sijawahi kuharibu mbegu!"

"Wala hukuharibu. Lakini hii haipandwi, babu."

Babu Mlelwa alimtazama kwa hasira, kisha bega lake likaanza kutikisika, na kumbe alikuwa anacheka.

Ndani ya ufunguo, vile vijiti viwili vya chuma vinavyoikumbatia betri vilikuwa vimevaa masizi kama sufuria. Yusta alitwaa ufutio wa katibu, akavisugua mpaka vikang'aa. Akachovya pindo la kitenge kwenye spiriti ya zahanati ya jirani, akafuta masizi yaliyobaki, akapuliza, akafunga. Ofisini kifuniko cha birika kilikuwa kinachezacheza.

Akabonyeza. Kwenye kichwa cha ufunguo ikawaka taa nyekundu, ndogo kama jicho la panya.

"Taa ya ufunguo si mwendo wa gari," Danda alisema, lakini hakucheka.

Yusta akatembea mpaka upande wa pili wa uwanja, mbali, ili asiwepo wa kusema aliligusa. Akanyoosha mkono, akabonyeza tena. Gari likaitika, twi! Taa zikapepesa. Akarudi bila kukimbia, akaingia, akawasha, na ngurumo ile ikafunika vigelegele vya akinamama. Birika lilichemka likamwaga maji motoni, na hakuna aliyekwenda kulitoa.

Aliposhuka, alifunga ufunguo kwa uzi akauvaa shingoni. Alimtazama Babu Mlelwa kuona kama atapinga. Babu akainamisha kichwa. "Ulale hapo," alisema.

"Na mimi nimwambie nini tajiri wangu?" Danda aliuliza. "Nimekuja na mnyororo, nirudi na mnyororo?"

"Utarudi na barua."

Yusta akachukua ile barua ya mauziano, akaigeuza, akaiweka juu ya boneti yenye joto.

"Andika kwa adabu," Mzee Luvanda alimsihi. "Kesho tutamhitaji."

Aliandika kwa adabu. Alimsalimu fundi, mkewe na watoto wake. Chini ya salamu akaandika mstari mmoja. Mwenyekiti aliusoma, akausoma tena kwa sauti ili kamati nzima isikie, akaugonga muhuri wa ushirika: Ufunguo bubu si gari mfu.

Gundi haikuwepo. Waliibandika bahasha kwa tonge la ugali, Yusta akaikandamiza kwa kile kidole chake cheusi, na Danda, alipokwisha kunywa chai, akaitia mfukoni akateremka nayo mlimani, mnyororo ukimlilia nyuma mtupu.