Kata Nyuma ya Mlango

"Ukitaka kununua nyumba, omba maji kwanza." Tumekua na methali hiyo nyumbani kwetu Muheza, na siku zote tulidhani ni utani wa Shangazi Mwanamvua.

Jumamosi ile alikuwa akipeta mchele ukumbini, kama kila Jumamosi. Mimi nilikuwa naokota chuya, Baba anasikiliza redio. Kaka yangu Hemedi akaingia mbio, viatu miguuni.

"Nimepata nyumba! Vyumba vinne, mjini kabisa. Chama cha mikopo kimekubali, na kodi ya wapangaji ndiyo itakayolipa marejesho. Kesho kutwa natia saini. Baba, nahitaji tu hati ya nyumba hii iwe dhamana."

Ungo ukasimama mikononi mwa Shangazi.

"Uliomba maji?"

Hemedi akacheka. "Shangazi nawe! Nilikwenda kuona nyumba, sikwenda kuona kisima."

"Vua viatu, ukae." Akauweka ungo chini. "Methali hii mnaichekea kwa sababu hamjui ilikozaliwa. Chanzo chake ni hiki."

Akatusimulia.

Baba yenu alikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, mwenye haraka kama wewe Hemedi. Alitaka nyumba ya kupangisha. Akampata bwana mmoja aitwaye Mdoe, anauza. Fedha hana, basi akakopa, na bibi yenu akaweka dhamana shamba lake la michungwa. Miti ile aliipanda kwa mkono wake, akatusomesha nayo sote.

Siku ya kwenda kukamilisha mauziano nilifuatana naye. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na haya zangu zilikuwa za kupita kiasi. Hata kuitikia hodi kulinitoa jasho. Mdoe alitupokea vizuri pamoja na mkewe, mama wa makamo mwenye kanga mpya. Mjumbe wa mtaa alikuwa mgeni pale, amehamia juzi, karatasi zake ziko tayari mezani.

Jua lilikuwa kali. Nikaomba maji ya kunywa.

Yule mama akasimama katikati ya chumba. Akafungua kabati, akalifunga. Akachungulia uani. Mwisho akaniletea maji kwenye bakuli la kunawia mikono. Nikalishika, nikanywa. Kisha yeye akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba ameridhia kuuza, Mdoe akatia saini, na baba yenu akatia yake.

Baada ya wiki mbili tukakabidhiwa funguo. Mdoe aliacha vyombo vichache, akasema atavirudia. Siku ya pili tulikuwa tunapaka chokaa, akatokea mama na kapu na kuku wawili. Hodi hakupiga. Alisimama kizingitini, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyie ni akina nani? Nani kawatuma kupaka kuta zangu?"

"Mama, nyumba hii nimeinunua," baba yenu akamjibu. "Bwana Mdoe kaniuzia. Mkewe mwenyewe kaweka dole, mimi naona."

"Mke wa Mdoe?" Kapu likamdondoka, kuku wakatawanyika. "Mke wa Mdoe ni mimi! Mwaka wa kumi na tisa huu! Nilikuwa Handeni, namlea mwanangu aliyejifungua. Arobaini imeisha, nimerudi kwangu."

Yule mama akapeleka mkono nyuma ya mlango, bila kutazama, akatoa kata iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari. Sisi hatukujua kama iko pale. Akachota mtungini, akanywa.

Baba yenu akaiweka brashi chini.

Yule mama akashtaki, na baraza likaamua kwamba nyumba ameijenga pamoja na Mdoe, haiuziki bila yeye kuridhia. Tukarudisha funguo. Mdoe na yule mwanamke aliyejifanya mkewe hawakuonekana tena. Mkopo ukabaki shingoni mwetu, na michungwa ikaenda. Msimu uliofuata bibi yenu alichuma machungwa kama kibarua kwa mwenye shamba mpya, katika miti aliyoipanda mwenyewe. Aliimwagilia vilevile, ingawa hakulipwa kuimwagilia.

Shangazi akaishia hapo. Mimi nilikuwa bado nimeshika chuya moja kidoleni, sijui nilishika tangu lini. Hemedi alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi.

Baba akazima redio. "Mwanamvua, miaka yote hii unaniimbia maji, maji. Nilijua unanicheka."

"Sijakucheka hata siku moja, kaka." "Mimi niliona. Nilipolishika lile bakuli nilijua kabisa kwamba yule si mwenyeji wa nyumba ile. Ulikuwa hujashika hata kalamu. Nikaona haya kusema mbele ya watu wazima."

"Uliona?" Baba akauliza.

"Niliona, nikanywa, nikanyamaza. Mama akafa sijamwambia. Nilichotaka kusema siku ile ni hiki: kaka, usitie saini. Ukitaka kununua nyumba, omba maji kwanza, umtazame anayekuletea."