Mgeni wa Kiyoyozi

Kiyoyozi cha chumba alichopanga Mishi kilipuliza joto tu, mwanawe mchanga akajaa vipele mwili mzima, na mwenye nyumba, Bwana Shebe, akakataa katakata kununua kipya.

"Kitengenezwe! Hicho kizima!"

"Fundi wa nne huyu, baba, naye anasema kimekufa."

"Mwite wa tano."

"Haya. Ila mama mkweo nimeshamkaribisha aje alale kwangu, kwenye kiyoyozi chako."

"Mkwe wangu? Atokwe jasho ndani ya nyumba yangu? Nitauweka wapi uso wangu!"

Kabla ya adhuhuri kiyoyozi kipya kilikuwa ukutani, mtoto amelala fofofo.

"Haya, mkwe anafika saa ngapi?"

"Haji, baba. Alinijibu palepale kwamba baridi ya kiyoyozi humuumiza magoti."