Fundi Aliyetaka Kupungua Kwanza

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo. Nina fundi cherehani wa kuwaelezea, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Tumwite Tusajigwe. Kutwa nzima futi i shingoni, anapima mabega na viuno vya watu. Mwili wake mwenyewe hakutaka kuupima. Magoti yalimuuma hata kukanyaga cherehani ikawa taabu, na akipanda ngazi za kanisa lake husimama mara tatu kuvuta pumzi.

Mumewe akamwambia, "Mama Lusekelo, hospitali ya wilaya wana kliniki ya uzito. Daktari anakupima, akiona inafaa anakupa dawa, na anakufuatilia. Twende."

Akajibu, "Nitakwenda, baba. Acha kwanza nipungue kidogo. Nitamwonyeshaje daktari mwili huu?"

Mnacheka. Lakini mmemsikia? Anataka apone kwanza, ndipo aende kwa daktari!

Basi akatafuta njia ya siri. Jirani mmoja alikuwa akiuza sindano za kupunguza mwili kwenye mkoba, vichupa havina hata karatasi. "Choma tu, dada yangu. Mwezi mmoja, magauni yote yatakupwaya." Hakumuuliza kama ana sukari, wala anatumia dawa gani. Tusajigwe akajichoma Jumatatu. Jumatano alitapika asubuhi mpaka jioni. Alhamisi akaangukia cherehani yake, mteja amesimama mbele yake na gauni lililoshonwa nusu. Mteja huyo ndiye aliyemkimbiza hospitali.

Alipopata nguvu, daktari, mama wa makamo, alivuta kiti akaketi. Hakumfokea. Alimuuliza analalaje, anakula saa ngapi, nani katika ukoo ana kisukari. Akapima damu, presha na figo. Siku chache baadaye, majibu yalipokamilika, akamwambia, "Mama, unene huu ni ugonjwa, na tunautibu. Sukari yako imepanda, na kwa vipimo hivi dawa inakufaa. Tutaanza na kiasi kidogo, na kila mwezi utakuja tukuone. Ikikusumbua, tutapunguza au tutaacha. Chakula na kutembea tutavipanga pamoja."

"Na nisipopungua, daktari?"

"Utakuja vilevile. Tutatafuta njia nyingine."

Tusajigwe akalia kama mtoto.

Haikuwa rahisi, wapendwa. Mwezi wa kwanza, kichefuchefu na kilo moja tu. Mwezi wa tatu hakupungua hata kidogo, na akaenda hivyohivyo, kichwa chini, wakampokea. Kufikia mwezi wa nane kilo kumi na mbili zilikuwa zimekwenda, sukari imeshuka, na jioni anatembea na mumewe hadi sokoni na kurudi, wanabishana na kucheka njia nzima.

Naona mnataka kusema amina. Ngojeni. Kuna swali moja la daktari sijawaambia. Alimuuliza, "Mama, kwa nini hukuja mapema?"

Akajibu, "Niliogopa mtanicheka kama wanavyonicheka kanisani."

Kanisani! Mbona mmenyamaza?

Nani alimfundisha kujificha, kama si sisi? Sisi tunaopeana viwiko mtu akipita kutafuta benchi. Na mimi, hapa hapa mimbarani niliposimama, nimewahi kuwachekesha kwa mzaha wa mtu mnene, nanyi mkapiga makofi. Yesu hakumwambia mgonjwa hata mmoja apone kwanza ndipo amkaribie. Sisi tumepata wapi sheria hiyo?

Wewe unayeumwa, usingoje upungue, na usinunue tiba ya mkobani. Kesho asubuhi nenda ukapimwe, mchana kweupe. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie, nitakusindikiza. Na wewe ambaye roho yako ndiyo imelemewa, usingoje kujirekebisha. Njoo na mzigo wako.

Lakini kabla hatujaimba, yupo mtu humu ndani uliyemcheka. Unajua alipoketi. Inuka umwendee.

Mimi nashuka kwanza.