Kitabu cha Mwaka Jana na Kodi ya Kivuli

"Hadithi inabisha hodi."

"Ipite, mlango uko wazi."

"Ikae wapi?"

"Ikae kivulini."

"Kivuli cha nani?"

"Hapo ndipo utuambie wewe."

Basi sogeeni. Zamani, kabla mchana haujaijua vizuri kazi yake, kulikuwa na bonde ambalo miti yake ilihama. Hakuna aliyeiona ikiondoka. Wanyama waliamka asubuhi moja wakakuta mashimo ya mizizi, na harufu ya majani bado imening'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kambani. Tangu siku hiyo kila mmoja alijitegemea kwa kivuli. Mwenye mwili alikuwa na kivuli chake, na mwenye mtoto alimlaza mtoto ndani ya kivuli hicho, akasimama juani mpaka mtoto aamke.

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Shungi. Ngozi ya Shungi ilikuwa bado laini, jua likimgusa alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo kila mchana Shungi alilala, na Mama Shungi alisimama. Na yeye mama alilala saa ngapi? Alisinzia akiwa amesimama, macho nusu, miguu yake myembamba ikitetemeka, na katika kusinzia huko aliota ndoto moja tu, ileile kila siku. Aliota amelala chini.

Sasa, vivuli vya bonde hilo vilikuwa na kodi. Aliyeiweka ni Mfalme Tembo, aliyeishi juu kabisa ya mto, ambaye wengi hawakumjua ila kwa kishindo. Aliyeikusanya ni Fisi. Na Fisi alikuja kupima alfajiri, jua likichungulia tu, saa ambayo hata sindano ina kivuli kirefu kama nguzo. Alikanyaga juu ya kivuli cha mtu, pu, pu, pu, akihesabu.

"Hatua moja, kapu moja la kunazi."

Mama Shungi, ambaye ukimweka kwenye ungo anaenea, alikuwa na kivuli cha alfajiri kinachofika mtoni. Pu, pu, pu. Hatua moja, kapu moja.

Asiyekuwa na kapu, Fisi alikishika kivuli chake pembeni, akavuta. Swaa. Kivuli kikang'oka miguuni kama ganda la kitunguu, Fisi akakikunja na kuondoka nacho. Na kivuli kilichong'olewa hakirefuki tena wala hakifupiki; hubaki vilevile kilivyokuwa saa ya kung'olewa. Makapu yalikwenda kwenye ghala la Fisi. Machache yalimfikia Mfalme. Mengine yalibaki hapohapo, maana Fisi hakuwa mtu wa kuchagua chakula. Yeye mwenyewe hakulipa. Mtoza kodi alisamehewa kile kivuli kimoja cha miguuni mwake. Hakuwahi kulipa, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji kuijua sheria.

Msimu mmoja kunazi, yale matunda madogo yaliyoletwa na maji ya mto, zikawa adimu. Mama Shungi aliyatazama makapu yake, akatazama kivuli chake, akamtazama mtoto. Akilipa, hawana chakula. Asipolipa, kivuli kinakwenda, na Shungi ataungua.

Ndipo Kunguru alipotua, pa, na mfuko shingoni.

"Mama Shungi, habari za kusimama?"

"Nzuri. Unauza nini?"

"Siuzi, naokoa." Akatoa kitabu cha magome laini, kimeshonwa kwa ukindu. "Njia za Kupunguza Kodi ya Kivuli, kwa Mwananchi wa Kawaida. Kapu moja tu."

"Kapu moja ni hatua nzima ya Fisi."

"Hiyo si gharama, mama, ni akiba. Wewe si mwananchi wa kawaida?"

"Kabisa."

"Basi kimeandikwa kwa ajili yako."

Akatoa kapu. Mtu aliyechoka hununua haraka.

Akasoma akiwa amesimama, Shungi akikoroma chini yake, hrr, hrr. Kitabu kilisema: mwenye msitu asimame katikati ya msitu wake, kivuli chake kitachanganyika na vingine. Mama Shungi akatazama mashimo ya mizizi. Akafunua. Mwenye nyumba ng'ambo ya mlima akae huko wakati wa alfajiri. Akafunua. Mwenye watumishi awagawie kila mmoja kipande cha kivuli. Akafunua. Mwenye vivuli vinavyojaza bonde zima, kutoka mtoni mpaka mlimani, husamehewa vyote. Akafunua. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na ushauri kwa asiye na kitu: atunze kokwa za kila kunazi aliyokula, amwonyeshe mtoza kodi, apunguziwe kidogo.

Akatunza kokwa. Yeye na mtoto walikula na kutema, tu, tu, tu, zikajaa mfuko. Fisi alipokuja akaumwaga mfuko chini.

"Kokwa hizi zimelambwa."

"Tumezila, Bwana Fisi. Lazima zilambwe."

"Nitajuaje ni nyinyi mlizila? Lete zenye nyama yake, niamini."

"Zenye nyama yake si ndizo kunazi?"

"Umeelewa. Kesho alfajiri makapu yawe hapa. Nisipoyakuta, nang'oa."

Akaenda zake, nyata, nyata. Jua likapanda. Bonde likawa jeupe, likayumbayumba kwa joto kama kitu kinachoonekana chini ya maji, na kutoka ndani ya weupe huo akatokea tena Kunguru, mfuko umejaa.

"Toleo jipya, toleo jipya. Korongo, mjumbe wa Mfalme, katangaza jana mtoni. Msamaha wa vivuli vingi umefutwa, mwenye vivuli vingi sasa analipia vyote."

"Na hiki changu?" akauliza Mama Shungi.

"Hicho cha mwaka jana, mama."

"Nimekinunua juzi."

"Umekinunua juzi. Lakini cha mwaka jana."

"Nirudishie kapu langu."

"Kapu lenyewe lilikuwa la juzi." Akaruka.

Mama Shungi akabaki na kitabu. Akakipima kwa kwato. Hakikuwafaa wanyonge tangu kilipoandikwa, na sasa hakimfai hata tajiri. Akasinzia. Katika kusinzia alimwona Fisi mtoni siku ya tangazo: Korongo anasema, na Fisi kaingiza kichwa chote ndani ya kapu, nya, nya, nya, masikio yamefunikwa na kunazi. Hakujua kama ni ndoto au ni kweli. Alipofumbua macho alienda kumuuliza Kobe, jirani yake, ambaye huwa mtoni kila wakati kwa sababu hajamaliza kuondoka.

"Babu Kobe, jana tangazo lilipotolewa, Fisi alikuwapo?"

"Alikuwapo, mjukuu wangu. Lakini alikuwa anakula."

"Ahsante, babu. Kesho ukisikia naomba kivuli changu kichukuliwe, na wewe toa chako. Waambie na wengine."

"Nami ninacho hicho kitabu," akasema Kobe. "Niko ukurasa wa kwanza. Ni kizuri?"

"Kitakuwa kizuri kesho."

Alfajiri Fisi akaja. Pu, pu, pu. "Makapu yako wapi?"

"Hakuna, Bwana Fisi. Chukua kivuli."

Fisi alizoea kuombwa. Akainua sikio moja. "Hulii?"

"Nalia nini? Kinanichosha. Na kitabu hiki nacho chukua, nilidhani ni cha watu wa kawaida, kumbe ni cha wakubwa."

"Cha wakubwa? Soma."

Mama Shungi akasoma polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Mwenye vivuli vinavyojaza bonde zima, kutoka mtoni mpaka mlimani, husamehewa vyote."

"Soma tena."

Akasoma tena. Akaona udenda ukishuka, ti, ti, ti.

"Vyote vikiwa vyangu," akasema Fisi, "Mfalme hapati hata kokwa."

"Kitabu ndicho kinasema, Bwana."

"Na jua likiwaka nyinyi mtakaa wapi?"

"Hapo ndipo utakapotuuzia."

"Hee-hee-hee. Kitabu umekinunua lini?"

"Juzi. Kapu zima."

"Basi ni kipya." Akapanda juu ya jiwe, akaita bonde zima. Leo hataki makapu. Leteni vivuli. Wanyama wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu.

"Changu cha mviringo, Bwana Fisi," akasema Kobe. "Kina neno?"

"Leta."

Swaa. Cha Kobe. Swaa. Cha Twiga, kilichochukua muda. Swaa. Cha Ngiri. Swaa. Cha Mama Shungi, na alipokisikia kikiachia kwato zake alihisi mwepesi na baridi, kama mtu aliyevuliwa shuka usingizini. Fisi akavifunga vyote mkiani, akavivuta, na nyuma yake ukatandazika weusi kutoka mtoni mpaka mlimani, laini, wenye ubaridi, kama kipande cha usiku kilichosahau kurudi nyumbani. Wanyama wakabaki wamesimama bila kivuli, kila mmoja akitazama miguu yake kama ya mgeni.

Jua likaanza kuuma. Shungi akaamka.

"Mama, kivuli chetu kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda kazini. Kitarudi. Jikunje hapa chini yangu."

Lakini chini yake palikuwa na mwanga mtupu. Mtoto akaanza kulia. Mama Shungi akatazama juu ya mto, akatazama tena. Hapo hakuwa na kitabu cha kumsaidia, alikuwa na kusubiri tu.

Jua lilipofika utosini ndipo Korongo akatua na wachukuzi wake, kima waliobeba miti ya kuning'inizia makapu. Korongo ni ndege wa miguu mirefu na maneno machache. Akautazama ule weusi.

"Hivi vivuli vya nani?"

"Vyangu," akasema Fisi, kifua mbele. "Vyote, mtoni mpaka mlimani. Nimesamehewa. Kitabu hiki hapa."

Korongo akainama, akasoma jalada. "Hiki cha mwaka jana."

"Kimenunuliwa juzi."

"Kimenunuliwa juzi," akasema Korongo. "Lakini cha mwaka jana. Lipa."

Akaanza kutembea juu ya vivuli kwa ile miguu yake mirefu, na kila hatua kima wakatoa kapu kwenye ghala la Fisi, kwaa. Hatua, kwaa. Hatua, kwaa. Mama Shungi hakusubiri. Akambeba Shungi kwa meno, akaingia naye katika ule ubaridi, akamlaza. Mtoto akanyamaza papo hapo. Nyuma yake wakaingia Ngiri na watoto wake, na Twiga akikunja shingo, na Kobe, ambaye alianza kuingia.

"Tokeni," akafoka Fisi. "Kivuli changu hicho."

"Ni chako?" akauliza Korongo, mguu mmoja hewani. Akaushusha. Kwaa.

"Si changu, si changu."

"Kama si chako, unamfukuza nani?"

Ngiri mdogo mmoja akajigaragaza katikati ya weusi, akamchungulia. Fisi akashindwa kuvumilia.

"Toka kwenye kivuli changu, wewe."

"Ni chako?" Kwaa.

Hivyo hivyo mpaka ghala likabaki vumbi na kokwa. Fisi akajaribu kukimbia, lakini vivuli vilimvuta mkia chini, chini, mpaka mgongo wake ukainama kwa nyuma, na hadi leo haujanyooka. Akarudi ameishiwa pumzi, akasimama ukingoni mwa kile kivuli bila kukikanyaga.

"Mama Shungi. Mama mwema. Waambie wenzako wachukue vivuli vyao."

Mama Shungi alikuwa anaota ile ndoto yake, kwamba amelala chini. Akafumbua jicho moja kuhakikisha. Alikuwa amelala chini.

"Dada yangu, nakusihi. Kesho Korongo anarudi."

"Kuanzia kesho vivuli vitapimwa saa ngapi, Bwana Fisi?"

"Alfajiri, kama kawaida."

Mama Shungi akafumba jicho.

"Saa sita," akasema Fisi haraka. "Saa sita ya mchana, jua likiwa utosini."

Saa hiyo, kama mnavyojua, kivuli cha Digidigi ni kidogo kama sahani. Hata mwenye makapu machache anakimudu.

"Sawa. Tutavichukua."

"Chukueni basi."

"Subiri," akasema Mama Shungi, akimgeukia mwanawe ubavuni. "Mtoto amelala."

Fisi akasubiri juani. Jioni vivuli vikarudi kila kimoja kwa mwenyewe, swaa, swaa, vikaanza tena kurefuka na kufupika. Kodi ikapimwa saa sita tangu siku hiyo, na Fisi akaanza kutembea usiku, saa ambayo hakuna wa kumpimia.

Kunguru hakuchelewa. Msimu uliofuata kitabu chake kilikuwa na maneno mapya juu ya jalada: "Mama Shungi wa bondeni alikinunua. Leo analipa kidogo na analala." Yote ni kweli, neno kwa neno.

Na fundisho la hadithi hii, maana lazima liwepo: kitabu cha kupunguza kodi kina manufaa makubwa kwa mwananchi wa kawaida. Kinunue kila mwaka, ukisome chote. Ukiona hakikusaidii, kosa ni lako, huna msitu.

"Hadithi inaaga."

"Iende salama."

"Itoke na nini?"

"Itoke na jua. Kivuli ituachie, tuna watoto wa kulaza."