Sharti la Banda la Kifaru

“Mama, mvua ikinyesha hivi, mwenye banda yeye analala wapi?”

Aliyeuliza ni Kipaku, mtoto wa Farasi, na hakuna aliyemjibu. Mama yake alikuwa anatazama maji yakiingia chini ya ukuta wa nyuma, chururu, chururu. Nguchiro, jirani yao wa kwenye kichuguu, alikuwa amesimama mlangoni, akageuza uso pembeni. Basi lishikeni swali hilo, wadogo zangu, maana jibu lake lilichelewa.

Hayo yalikuwa kale mno, siku ambazo wanyama walikuwa na majumba kama sisi, na asiye na nyumba alipanga, na mwenye nyumba alikuwa na dalali. Mwenye banda hili alikuwa Kifaru. Kifaru haoni mbali, na akiamua, haoni hata karibu. Macho yake yalikuwa Shashi, yule ndege mdogo anayekaa mgongoni mwake akimtoa kupe. Shashi alimkuna bwana wake, akapangisha banda lake, akawafokea wapangaji wake, karibu yote hayo bila kushuka mgongoni.

Mama Kipaku alikuwa amezunguka bonde zima akitafuta pa kukaa. Wenye mabanda wengine walimwambia hawapangishi mama mwenye mtoto. Nje hakulaliki, kuna fisi. Ndiyo maana alipofika kwa Kifaru aliuliza maswali machache kuliko aliyopaswa kuuliza.

“Banda ni zima, Mzee?”

“Shashi, banda ni zima?” Kifaru akauliza.

“Zima, bwana. Jipya kabisa.”

“Umesikia mwenyewe,” Kifaru akasema.

Na kwa nje lilipendeza. Paa lilikuwa limeezekwa nyasi mpya, manjano, zimechanwa kama nywele za bibi harusi. Uwanja ulizungushiwa uzio. Kodi yake ilikuwa mizigo ya nyasi: kila asubuhi Mama Kipaku abebe mzigo kutoka bondeni, aupandishe mpaka nyumbani kwa Kifaru kilimani, auache mlangoni.

“Na sharti ni moja,” alisema Shashi, “ndiyo desturi ya bonde hili. Anayeligusa banda likaanguka, kalivunja yeye. Atalijenga upya, na aliyeharibikiwa atakaa nyumbani kwa mharibifu mpaka kazi iishe.”

“Mimi sina nyumba ya kumkaribisha mtu.”

“Basi usivunje.”

Wiki ya kwanza tu nguzo ya lango ililegea. Mama Kipaku, kwa mazoea ya mtu mwenye adabu, akaiegemeza kwa bega ili isimwangukie mwanawe. Krrr, ikakatika. Shashi alifika kabla vumbi halijatulia.

“Umeligusa?”

“Nilikuwa naizuia isianguke.”

“Sikuuliza ulikuwa unafanya nini. Umeligusa?”

“Nimeligusa.”

“Haya. Lango ni dogo, nyumba yako hatuitaki kwa kuwa huna. Utaongeza mzigo mmoja kila jioni.”

Tangu siku hiyo hawakugusa kitu. Mama na mtoto walisimama katikati ya banda, mbali na kuta, mbali na hori lililopasuka, kama wageni wanaoogopa kuvunja vikombe vya watu. Na hapo katikati ndipo maji yalipokusanyika. Banda lilijengwa kwenye mkondo, na nyasi zile nzuri za juu zilikuwa zinafunika tu.

Ukwato wa mbele wa Kipaku, wa kushoto, ulianza kulainika. Ukawa kama muhogo uliolowekwa. Mtoto alikuwa anakanyaga miguu mitatu na wa nne akiuning'iniza, akisema hauumi, akisema hivyo kila alipoulizwa.

Mama Kipaku alimwambia Shashi. Shashi akasema amelipokea lalamiko. Akamwambia tena, Shashi akasema linashughulikiwa. Mara ya tatu Shashi akamuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha kukaa hapo.

Ndipo akaenda barazani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bi Twiga, mama wa heshima zake, na siku hiyohiyo alikuja kukagua. Akasimama nje, shingo juu mawinguni.

“Paa hili ni zuri kuliko la kwangu,” alisema.

“Mama mwenyekiti, matatizo yako chini.”

“Chini wapi?”

“Ndani. Ukiinama kidogo utaona maji.”

“Shingo hii haikuumbwa kuchungulia vibanda vya watu, Mama Kipaku. Lete ushahidi.”

“Ushahidi ni ukwato wa mwanangu.”

“Watoto huumia, mwenzangu. Wa kwangu alianguka kichwa chini siku aliyozaliwa, na leo ananizidi urefu.” Akaondoka kwa madaha, akila majani njiani.

Jioni ile Nguchiro ndiye aliyekuja kumtazama mtoto. Aliuinua ukwato kwa vidole vyake vidogo, akaunusa, akaushusha taratibu.

“Dada, nikwambie kitu,” alisema. “Nguzo zako hizi ndizo jiko langu. Kila asubuhi nakula mchwa waliomo. Nimebakisha ganda. Ile ya pembeni ukiipulizia tu, inakwenda.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungefanya nini? Ungeigusa?”

Mama Kipaku akaitazama nguzo ya pembeni.

“Shashi akiondoka,” Nguchiro aliendelea, “nani anamkuna Kifaru?”

“Nguchiro, mtoto wangu anaoza mguu na wewe unaniuliza habari za kupe?”

“Nakuuliza. Nani?”

“Hakuna.”

“Basi kesho upeleke mzigo wako kama kawaida, ukiwasalimia watu njia nzima. Ukiitwa barazani, toa kila kilicho chako humu ndani, mtoto wa kwanza. Na ukipewa nafasi ya kusema, usiwe na haraka. Sema yote. Hata ya bibi yako.”

Asubuhi yake Nguchiro alimkuta Shashi kwenye mti, akijisafisha mdomo.

“Dalali mkubwa,” alisema, “hivi unajua Nyati hana dalali?”

“Hilo linanihusu nini?”

“Halikuhusu. Ana kupe wa msimu mzima, wamenona kama kunde. Nilidhani mtu mwenye jina kama lako angependa kupanua kazi. Lakini labda bwana wako hakuruhusu.”

“Mimi siombi ruhusa kwa mtu.”

“Ndivyo nilivyowaambia. Wao wanasema unaomba.”

Prrr, Shashi akaruka, akaelekea kwa Nyati. Alikuta kweli kupe wapo. Siku ya kwanza akala, ya pili akala, ya tatu akasahau kwamba ana bwana mwingine.

Siku hiyo ya tatu Nguchiro alipanda kilimani. Kifaru alikuwa mlangoni kwake akijizungushazungusha, akijikuna kwa mkia usiofika popote.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umemwona Shashi?”

“Sijamwona. Nimekuja na maneno mabaya, niwie radhi. Huko bondeni wanasema banda lako bovu.”

“Nani anasema?”

“Wanasema tu. Mimi nimewabishia. Nimewaambia, mwiteni Mzee mwenyewe, baraza likae palepale mlangoni pa banda, awaonyeshe.”

“Liitwe leo,” alisema Kifaru. “Liitwe sasa hivi.”

Mchana huo baraza likakaa. Bi Twiga alisimama juu, ngiri na pundamilia wakajaa chini. Mama Kipaku alikuwa amemtoa mwanawe nje tangu asubuhi, akamsimamisha mbali, kwenye kijisehemu kikavu nyuma ya Nguchiro. Kifaru alikuja peke yake. Kila hatua mbili alisimama akitikisa ngozi.

“Mlalamikaji aseme,” alisema Bi Twiga, “na aseme kwa kifupi.”

Mama Kipaku hakusema kwa kifupi. Alianza na siku aliyofika, rangi ya paa, na maneno ya Shashi neno kwa neno. Akaeleza mkondo wa maji unapoanzia, unapopita, unapotokea. Akaeleza hori. Akaeleza mizigo, mmojammoja, na jinsi njia ya kilimani inavyoteleza. Alipofika kwa bibi yake, aliyewahi kupanga kwa Nyumbu, Kifaru alikuwa anasaga meno.

“Inatosha,” Kifaru alinguruma. “Banda langu ni zima.”

“Nguzo ni imara, Mzee?” Nguchiro aliuliza kwa sauti ya adabu.

“Imara.”

“Zinaweza kumbeba mtu akiegemea?”

“Zinaweza kumbeba yeyote hapa.”

“Samahani, Mzee, wengine tunasikia vibaya. Hata wewe?”

Mbele ya Kifaru ilikuwepo nguzo ya pembeni, ina vifundo na magamba, imesimama kwa urefu uleule wa bega linalowasha. Siku tatu bila Shashi. Hebu fikirini wenyewe.

“Hata mimi,” alisema, akaliweka bega.

Akasugua mara moja. Macho yakamfumbika kwa raha. Akasugua ya pili, akapumua, akasema “aaah” mbele ya baraza zima, akageuza na ubavu wa pili.

Krrr. Krrr-ka-ka-ka. Nguzo ikawa unga. Ukuta ukaifuata, paa likaufuata ukuta, puuu, na zile nyasi nzuri za manjano zikamfunika Kifaru mpaka pembe. Chini ya nyasi yakatoka maji ya matope yenye harufu, yakaenea mpaka kwenye kwato za Bi Twiga.

“Mnaniua,” sauti ya Kifaru ilisema huko chini. “Banda hili limeoza.”

Baraza zima lilimsikia. Bi Twiga aliinua mguu mmoja, akautazama, akainua wa pili.

“Hili banda limeoza,” alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anaarifiwa.

Mama Kipaku alimtazama. Mguu wa mtoto ulioloweka miezi miwili haukutosha kuwa ushahidi. Pembe ya Kifaru ilipoingia tope, ushahidi ukatosha kwa pumzi moja.

“Mama mwenyekiti,” Nguchiro alisema, “sharti la banda ni lipi? Nimelisahau.”

Walilijua wote. Bi Twiga akalisema taratibu, maana hakuwa na namna: anayeligusa likaanguka, kalivunja yeye, atalijenga upya, na aliyeharibikiwa atakaa nyumbani kwa mharibifu mpaka kazi iishe.

“Nilikuwa najikuna tu,” alisema Kifaru.

“Hakuna aliyekuuliza ulikuwa unafanya nini, Mzee,” alisema Mama Kipaku. “Umeligusa?”

Kifaru akatoa kichwa kwenye nyasi.

“Nimeligusa.”

Kwa hiyo mama na mtoto wakapanda kilimani. Safari hii hawakubeba kitu. Mvua ilianza walipofika mlangoni, na Kipaku akaingia akichechemea, akasimama.

Sakafu ilikuwa ya mawe yaliyopangwa, kavu. Juu yake nyasi zimetandikwa kwa unene wa goti, mzigo juu ya mzigo. Mama Kipaku alizitambua moja kwa moja. Nyingine bado zilikuwa na alama ya kamba yake.

“Kumbe analala hapa,” alisema Kipaku.

“Hapa,” alisema mama yake.

Kifaru alijenga kwenye mvua. Alichimba mfereji, akasimamisha nguzo za mpingo, akainua sakafu, kwa sababu kila siku aliyochelewa ilikuwa siku nyingine ya kulala nje, maana nyumba yake haikutosha watatu. Kazi iliyokuwa haiwezekani msimu mzima ikaisha kwa siku tisa. Shashi akarudi siku ya kumi, amenenepa, akatua mgongoni na kulitazama banda.

“Zima, bwana,” alisema. “Si nilisema?”

Mama Kipaku na mwanawe wakarudi kwenye banda kavu, wakaegemea kuta bila hofu. Ukwato ukakauka, ukawa mgumu. Lakini ulikauka ukiwa umepinda. Kipaku alikua, akawa farasi mkubwa, na hakuwahi kukimbia. Nguchiro alikuja kumsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi aliutazama mguu ule kwanza, kisha uso.

Funzo lake ni hili: mkubwa huukubali ubovu siku unapomwangukia yeye, na kabla ya siku hiyo kuna mdogo aliyekwisha kuumia.

Nanyi mlionisikiliza nawaomba jambo moja. Mkiitwa kuamua habari ya nyumba ya mtu, msisimame nje kutazama paa. Inameni, muingie ndani.